Gari likisita, lawama kwa mama

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye kipilefti kimoja jijini Arusha, mama mwenye ujauzito wa miezi mitano alikuwa anasubiri nafasi ya kuingia. Nyuma yake daladala ilikuwa inapiga honi. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mtoto wa miaka minne na begi lake la shule. Nafasi ikapatikana, lori la mchanga likiwa bado mbali. Akaachia breki, akakanyaga mafuta.

Gari halikwenda.

Halikuzimika. Lilinguruma tu pale pale, kama linajishauri, kwa sekunde moja, labda na nusu. Kisha likaruka mbele kwa kishindo, wakati lori limeshafika. Dereva wa lori alifunga breki, akatukana, akapita. Mama yule alisogeza gari pembeni, akavuta hendibreki, akakaa mikono ikiwa juu ya usukani mpaka mtoto alipouliza kama wamefika shule.

Jioni alimsimulia mumewe.

"Unakanyaga mafuta kwa woga," mume akasema. "Gari la oto halina ufundi, mama. Unakanyaga, linakwenda."

"Halikwenda."

"Mbona kwangu linakwenda?"

Na kweli, kwake lilikuwa linakwenda. Huo ndio ugumu wa kisa hiki. Siku za kazi mume hupanda basi la wafanyakazi, gari linabaki nyumbani kwa ajili ya shule, kliniki na soko la Kilombero. Yeye huliendesha Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, na kwenye safari za mbali. Ukiwa kwenye lami iliyonyooka, gari lile ni raha. Gia zinabadilika bila kusikika na mafuta yanatumika kidogo. Lilikuwa la mitumba kutoka Japani, na lilipofika alilisifu kwa marafiki kwamba hajawahi kuona oto nyepesi kama ile.

Mkewe alikuwa amerithi foleni. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na gari moja lenye tabia mbili, na kila mmoja alikuwa anasema ukweli wa gari alilolijua. Ila mmoja ndiye aliyeaminiwa. Mwezi wa nane mama alisema gari linashtuka likitoka kwenye taa. Akaambiwa ni mguu wake. Mwezi wa tisa akasema linasita. Akaambiwa ni mimba, wanawake wakiwa wajawazito wanakuwa na hofu. Baada ya lile lori, hakusema tena. Alitundika ufunguo kwenye msumari wa jikoni, akaanza kwenda kliniki kwa bodaboda.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Mjamzito ndani ya gari anashauriwa kufunga mkanda, ule wa chini upite chini ya tumbo juu ya nyonga, na ule wa juu upite katikati ya matiti kwenda begani. Kwenye bodaboda hakuna mkanda wa kufunga. Mama huyu alikuwa amehama kutoka kwenye kiti chenye mkanda kwenda mahali anaposhikilia koti la dereva, kwa sababu ndani ya nyumba yake hakuna aliyekubali kwamba gari lina tatizo. Mume aliliona jambo hilo kama kiburi.

Desemba walisafiri kwenda Balangdalalu, wilayani Hanang, kwa wazazi wa mama. Mume ndiye aliyeendesha. Kutoka Arusha mpaka Babati, na kutoka Babati mpaka Katesh, gari lilikwenda vizuri, na mara mbili tatu alimtazama mkewe kwa jicho la "unaona?" Katesh walimkuta baba mkwe ameshuka sokoni kuwasubiri. Mzee akakaa mbele, binti akahamia nyuma na mtoto, wakaanza njia ya vumbi kuelekea nyumbani, Mlima Hanang ukiwa umejifunika mawingu.

Mzee huyu aliendesha trekta na baadaye lori kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO, yale makubwa yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada. (Wabarabaig waliopoteza malisho yao kwa mashamba hayo walifika mpaka mahakamani katika miaka ya 1980, lakini hiyo ni habari yake peke yake.) Kazi ile ilimwachia vitu viwili: masikio ya kusikiliza injini na goti bovu la kushoto. La kulia halimuumi. Ni la kushoto, la mguu uliokanyaga klachi msimu baada ya msimu, na mvua ikikaribia hulisugua hata akiwa kanisani.

Walipofika kwenye mpando mmoja, walikuta ng'ombe. Kundi kubwa, lililojaa njia nzima, linapanda taratibu mbele yao. Mume hakutaka kupiga honi mbele ya mkwe. Akafuata nyuma, mwendo wa konokono. Ng'ombe wakisimama, naye anasimama, ila hakanyagi breki. Analishikilia gari kwenye mpando kwa mafuta, linaning'inia pale, halirudi wala haliendi. Wakisogea hatua tano, anasogea hatua tano. Ilichukua kama robo saa.

Mzee akainua pua.

"Klachi inaungua."

"Hapana, baba. Hili ni oto, halina klachi."

"Basi hiyo harufu ni ya nani?"

Kabla mume hajajibu, taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi, ikafuata ya onyo la joto la giaboksi. Gari likatetemeka mara mbili, likakataa kusogea. Ng'ombe wakaendelea na safari yao.

Walishuka, wakaweka mawe nyuma ya matairi, wakasubiri lipoe. Hapo ndipo mama alipozungumza, akiwa amekaa kwenye jiwe na mkono juu ya tumbo, na aliongea na baba yake. "Hivyo ndivyo linavyonifanyia kila asubuhi, baba. Likishaendeshwa kwenye foleni linatetemeka. Ukitaka kuondoka haraka linasita, halafu linaruka."

Mzee hakumkemea mkwe wake mbele ya mke na mtoto. Alimwita pembeni, wakaenda kusimama mbele ya boneti.

"Mwanangu, mimi sijui kompyuta. Lakini nimeunguza klachi nyingi ujanani, harufu yake naijua kuliko ya ugali. Hili gari lina klachi. Ila anayekanyaga humuoni."

Kisha akamuuliza swali: angekuwa anaendesha lori la klachi nyuma ya wale ng'ombe, angelishikilia kwenye mpando kwa nusu klachi robo saa nzima? Mume akasema hapana, angeliunguza. "Sasa mbona la leo umelishikilia?"

Mzee alikuwa amepatia. Yapo magari ya oto ya aina mbili tatu, na kwa macho hayatofautiani: pedali mbili, herufi P, R, N na D. Oto ile ya zamani, ambayo wengi wetu tumeizoea, inapokea nguvu ya injini kupitia oili inayozungushwa ndani ya chombo maalumu. Ukisogea polepole kwenye foleni, kinachosuguana pale ni oili, na oili haichakai kama dipu za klachi. Ndiyo maana oto hiyo huvumilia kusogea sogea siku nzima.

Giaboksi ya klachi mbili ni kitu kingine. Ndani yake ni gia za kawaida kabisa, kama za gari la kukanyaga klachi, ila zimegawanywa sehemu mbili. Klachi moja inahudumia gia za namba witiri, yaani ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine inahudumia za namba shufwa. Ukiwa gia ya pili, kompyuta inakuwa imeshaandaa ya tatu, ikisubiri tu kubadilishana klachi, jambo linalochukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hiyo ndiyo raha ya barabara kuu. Kwenye foleni kompyuta inabahatisha. Unapunguza mwendo, inakuandalia gia ya chini. Unabadili mawazo na kukanyaga mafuta ghafla, inabidi ijipange upya, na klachi ishike taratibu isiungue. Muda huo wa kujipanga ndio ule alioutumia mama kwenye kipilefti akilitazama lori.

Tena klachi zenyewe ziko za aina mbili. Nyingine zinaoga ndani ya oili inayozipoza, na oili hiyo lazima ibadilishwe. Kwa giaboksi ya aina hiyo ya gia sita ya Volkswagen, kwa mfano, ni kila kilomita 60,000. Nyingine ni kavu, zinapozwa na hewa tu, na hizo joto la foleni linazitesa zaidi. Si jambo la kufichwa. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita magari milioni 1.6 duniani kubadilishiwa oili ya giaboksi ya gia saba yenye klachi kavu, kwa kuwa oili ya awali ilikuwa inaleta hitilafu ya umeme kwenye nchi za joto na unyevu. Mwaka 2014 Honda nayo iliziita Fit Hybrid na Vezel Hybrid nchini Japani kurekebisha programu inayoiongoza giaboksi ya klachi mbili. Mitumba inakuja na historia yake, na aliyenunua mtandaoni kwa kuangalia picha na kilomita haulizi giaboksi ni ya aina gani. Mume huyu hakuuliza. Kwenye karatasi iliandikwa otomatiki, basi.

Lilipopoa, mzee alisema binti yake ndiye aendeshe sehemu iliyobaki. Mume akaenda nyuma. Mzee akakaa kushoto kwa binti na kumwelekeza kama alivyokuwa akiwaelekeza vijana wa matrekta. Ukisimama, kanyaga breki mpaka chini, ili huyo asiyeonekana aachie klachi. Usilishikilie kwenye mpando kwa mafuta, lishikilie kwa breki. Wa mbele yako akisogea hatua tano, mwache. Subiri nafasi itoshe gari mbili, ndipo uende. Ukitaka kuondoka, achia breki, hesabu moja, klachi ishike, kisha kanyaga mafuta kwa upole. Walikutana na kundi lingine la mbuzi karibu na nyumbani. Mama akasimama, mguu kwenye breki, akawaacha wapite wote. Hakukuwa na harufu.

Mume alinyamaza nyuma, mtoto akiwa amemlalia mapajani.

Waliporudi Arusha walilipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kupima. Si yule wa kwanza, aliyekuwa ametaka kumwaga oili yote na kuweka ya oto ya kawaida. Giaboksi hizi zina oili yake, na ukikosea unanunua giaboksi nyingine. Fundi huyu alisoma kwenye kompyuta, akasema klachi ya gia za witiri imelika zaidi, kwa sababu ndiyo inayoondoka na gari kila mara, na kuondoka kwa gari hili kumekuwa kwingi. Akaifundisha kompyuta upya mahali klachi inapoanza kushika. Kusita kutapungua, akasema, hakutaisha. Siku moja klachi zitabadilishwa, waanze kuweka fedha.

"Tatizo lilianza lini?" akauliza, akiandika.

Mume akatazama sakafu ya gereji. "Mke wangu aliligundua mwezi wa nane."

Hakuwahi kusema zaidi ya hapo, na mama hakumdai. Jumatatu ya kwanza shule zilipofunguliwa, aliomba ruhusa kazini, akaendesha yeye njia yote ya asubuhi, mkewe akiwa kushoto na mkanda wake chini ya tumbo. Alikuwa hajawahi kuendesha saa ile. Bodaboda zilipita pande zote. Kila alipoacha nafasi mbele, gari jingine liliingia, na daladala nyuma ikapiga honi. Kwenye kipilefti alisubiri, nafasi ikaja, akakanyaga mafuta kwa pupa. Gari likasita, kisha likaruka. Mikono yake ikakaza usukani.

"Hesabu moja," mkewe akasema. "Ndipo ukanyage."

Sasa wanatoka nyumbani dakika ishirini mapema. Kibubu cha klachi kiko juu ya kabati, kando ya nguo za mtoto anayetarajiwa Machi, na ufunguo hautundikwi tena kwenye msumari wa jikoni. Uko kwenye mkoba wa mama.