Mpakuzi

Santuri, kabla ya kuwa sahani nyeusi yenye mfereji wa sauti, lilikuwa jina la ala ya nyuzi ya Waajemi na Waarabu; mashine yenyewe wazee wengi waliiita kinanda. Lakini kile kifaa kinachoangusha santuri moja baada ya nyingine pasipo mkono wa mtu sijakikuta katika kamusi yoyote niliyonayo. Marehemu baba yangu alikiita mpakuzi. Tazameni, wapenzi wa lugha, alivyolichonga jina hilo: kuchukua huzaa mchukuzi, kupakua kukamzaa mpakuzi, na chuma kikaingia katika ngeli ya watu. Nyumbani kwetu, chini ya mlima Rungwe, ilikuwa kawaida kusema mpakuzi amechoka, mpakuzi ameshiba.

Mpakuzi wetu ni BSR aliyeundwa Uingereza, mwenye kasi 4: mizunguko 16, 33, 45 na 78 kwa dakika. Baba alimpangia santuri 7 au 8 juu ya mhimili, mara nyingi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kisha akaketi. Alipofariki, mashine ikaingia stoo. Mwaka jana mama aliniambia, "Mwanangu, mtoe yule. Nataka nimsikie kabla sijawa kiziwi kabisa." Sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda.

Sikuwa mgeni wa kazi hiyo. Nimekwisha kuokota wapakuzi 5, wengine kutoka Mbeya na Kyela. Mmoja kuku alikuwa ametagia ndani yake. Maradhi yao hufanana. Chini ya sahani lipo gurudumu la meno ambalo, wimbo ukiisha, huzunguka mara moja tu, na katika mzunguko huo mkono huinuka na kukaa kando, santuri ya chini huachiliwa, kisha mkono hushuka penye mwanzo wa mfereji. Grisi ya kale hugeuka ulimbo, na mkono hubaki mwisho wa wimbo ukikwaruza. Dawa yake ni spiriti na subira. Gurudumu la mpira lililokauka hupigwa msasa, maana likiteleza wimbo hulegea kama mshororo uliopungukiwa mizani.

Ugonjwa wa mpakuzi wetu ulikuwa mwingine. Alizunguka, aliinua, aliangusha, hakusema. Vichwa vingi vya sindano vya zama zile vilikuwa na fuwele ya chumvi, iitwayo chumvi ya Rochelle, inayogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme. Chumvi hiyo huharibiwa na unyevu, na Tukuyu, mnajua, ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi mno nchini. Miaka ya stoo ilikuwa imeiyeyusha sauti, na hapo msasa haufui dafu.

Nilitia kichwa cha kauri, kisichojali mvua. Bado jambo moja lilinikera: mkono ule huilalia santuri kwa gramu 6 hivi, mara tatu ya mikono mingi ya siku hizi, na kila wimbo usikilizwapo hulika kidogo. Kwa hiyo nilizinakili kwanza santuri zote kwa mashine nyepesi, nikampelekea mama simu yenye nyimbo zote za baba. Alisikiliza mmoja, akairudisha mezani.

"Hii haipakui," alisema.

Jumamosi nilimpangia santuri 7. Mvua ilipiga bati hata mimi mwenye masikio mazima sikusikia vema. Mama hakuinama kutega sikio. Aliweka kiganja juu ya kasha la mbao. Santuri ya kwanza ikaisha, chuma kikalia, ta, ya pili ikaanguka juu yake.

"Huyo," akasema.

Tulizisikiliza zote. Ile ya tano sasa ina mkwaruzo mpya.