Kasesya na kisa cha chombo cha angani ambacho hakikufika

Barabara itokayo Sumbawanga hupanda na kushuka katika nyanda za juu za Ufipa, baina ya mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Ukifika Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, njia hugawanyika. Moja huteremka hadi Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika, na nyingine huelekea Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Sisi tulishika hiyo ya pili.

Kasesya ni mahali pa kupita. Madereva wa malori husubiri karatasi zao zigongwe mihuri, wafanyabiashara wa nafaka huulizana bei, na watu wa pande mbili husalimiana kama jamaa, kwani waliochora mpaka huu hawakuwauliza wenyeji. Ng'ambo ni Zombe, na mbele yake ni mji wa Mbala, ambao zamani ukiitwa Abercorn. Huko ndiko Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikosalimisha jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Habari za jeshi hilo zinajulikana kwa wengi. Kisichojulikana sana ni kwamba mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, msaada wake ulikuwa njiani kwa njia ya anga.

Chombo chenyewe kiliitwa L59. Kilikuwa jamii ya puto, lakini puto lenye mbavu za madini mepesi, injini tano na usukani, likielea kwa gesi ya haidrojeni. Urefu wake ulikuwa mita 226, zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Tarehe 21 Novemba 1917 kiliondoka Jamboli, nchini Bulgaria, kikiwa na watu 22 chini ya nahodha Ludwig Bockholt, na shehena ya tani 15 hivi ya silaha, risasi na dawa.

Ilikusudiwa iwe safari ya kwenda bila kurudi, kwa kuwa huku hapakuwa na gesi ya kukijaza upya. Kwa hiyo kila kiungo chake kilipangiwa kazi: kitambaa kishonwe nguo na mahema, mbavu zisimamishe minara ya simu ya upepo, na ngozi ya ujia wa ndani ikatwe viatu.

Walivuka Uturuki na Bahari ya Kati, wakapigwa na dhoruba karibu na Krete, kisha wakaingia jangwa la Misri. Hapo jua likawa adui. Mchana lilitanua gesi, nyingine ikabidi iachiwe. Usiku baridi ya jangwa iliisinyaza, chombo kikazama angani hata kikakaribia kugusa ardhi, wakatupa maji na sehemu ya shehena ili kiinuke. Injini moja iliharibika. Watu waliumwa vichwa kwa mng'ao wa mchanga, wengine wakaona yasiyokuwapo.

Walikuwa wamefika magharibi ya Khartoum, katika nchi ya Sudani walikotoka askari wengi wa mwanzo wa jeshi lile, ndipo simu ya upepo ilipowafikia: rudini. Wakubwa wa Berlin waliamini kwamba mahali pa kutua pamekwisha kutwaliwa na Waingereza. Wakageuka. Tarehe 25 Novemba walitua Jamboli tena, baada ya saa 95 na kilometa 6,757 bila kugusa ardhi. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, akitafuta risasi na chakula.

Ushujaa wa watu wale hatuukatai. Lakini tukiwa mpakani tulipiga hesabu nyingine. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 25 hadi 30. Tani 15 zilizokosa kufika kwa anga ni mizigo ya wapagazi 500 hadi 600, na vita haikungoja. Pande zote mbili ziliendelea kubebesha vichwa na mabega ya watu wa nchi hizi, wengi wao wakiwa wamekamatwa vijijini kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Waliosalimia Abercorn waliletwa Kasanga, wakavushwa ziwa hadi Kigoma, kisha Tabora, na huko wengi wa askari na wapagazi wakauawa na maradhi ya mafua makali wakingoja kurudi makwao.

Bockholt na wenzake waliangamia tarehe 7 Aprili 1918, L59 ilipoteketea juu ya mlangobahari wa Otranto, na jina lake limo vitabuni. Wapagazi wetu wameachiwa jina moja la jumla, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao; nalo leo wengi hulijua kuwa ni soko tu.

Wazee wa Ufipa, kama wa mikoa mingine, wangali na masimulizi ya babu aliyechukuliwa akabebeshwa asirudi. Wazazi, waulizeni wazee wenu kabla hawajaondoka, muandike jina la babu huyo na kijiji alikotoka, na watoto wasomewe. Maiti asiye na kaburi linalojulikana hakosi haki ya kuombewa dua, na dua humfaa zaidi anayetajwa kwa jina lake.