Salah Alipoinuka Benchi, Mimi Nikabaki Nimekaa

Kila ikifika Mei madogo wa mwaka wa kwanza wanajazana mlangoni kwangu, wanataka niwasimulie ile ya Mei 2022. Hapa hosteli kila mtu ana toleo lake. Kuna toleo linasema eti nililia. Sikulia bwana. Basi leo naandika yote, tumalize.

Kwa asiyejua: Fantasy Premier League unapewa pauni milioni 100 za hewani, unanunua wachezaji 15, klabu moja mwisho watatu, halafu wanachokifanya kule Uingereza kila wiki ndiyo pointi zako. Kapteni wako anahesabiwa mara mbili. Michezo ya namna hii wenyewe Wamarekani; kwenye besiboli mwandishi mmoja, Daniel Okrent, aliunda ligi na washkaji zake New York mwaka 1980. Huu wa soka la Uingereza ulianza msimu wa 2002/03, na msimu ninaousimulia tulikuwa watu zaidi ya milioni 9 dunia nzima. Mimi hao milioni 9 sikuwa na habari nao. Habari yangu ilikuwa na watu 13 wa hapa hapa Ifakara.

Tulikuwa 14, kila mmoja katoa elfu tano mwanzo wa msimu, jumla elfu sabini, na mshindi anabeba yote. Hakuna cha wa pili. Kwa mtu ambaye boom halijaingia, tena nina deni la elfu 32 kwa mama ntilie, elfu sabini siyo mchezo.

Wiki ya mwisho inaanza, naongoza kwa pointi 12. Anayenifuata ni jamaa tunayelala naye chumba kimoja, dabodeka moja, yeye juu mimi chini. Nitamwita Wa Juu. Sasa utamu ni huu: Wa Juu ni City damu, mimi Liverpool. City walikuwa na pointi 90, sisi 89, zimebaki dakika 90. Kwa hiyo chumba kimoja kilikuwa na mbio mbili za ubingwa, na kwenye moja yeye yuko mbele, kwenye nyingine mimi.

Wiki ile tuliongea mambo ya sabuni na ndoo tu. Akishika simu anageukia ukutani. Tulijua wote tuna Son na Salah, swali ni nani anampa nani ukapteni. Salah ana mabao 22, Son 21, wanafukuzia kiatu cha dhahabu. Son anakwenda kwa Norwich ambao walishashuka daraja. Salah yuko nyumbani na Wolves, ila aliumia fainali ya FA tarehe 14 na mechi ya Southampton ya tarehe 17 hakucheza.

Nikampa Salah. Makamu nikamweka Son. Mpaka leo naitetea hiyo hesabu. Salah akianza, mtu mwenye njaa ya kiatu yuko Anfield, nani atamzuia? Asipogusa uwanja kabisa, kitambaa kinahamia kwa Son chenyewe, na hata Wa Juu akimweka Son tunakuwa sawa, pointi zangu 12 zinabaki. Kulikuwa na shimo moja tu: Salah atokee benchi. Akiingia hata dakika tano, kitambaa hakihami tena, na mtu aliyecheza chini ya dakika 60 anapata pointi moja ya kushiriki. Moja mara mbili, mbili. Hapo nimekwisha.

Jumapili tarehe 22, saa 10:30 jioni timu zikafungwa. Saa 11 vikosi vikatoka. Salah benchi. Wa Juu akaniangalia kutoka juu ya kitanda, hakusema kitu, akavaa ndala.

Tukaenda banda umiza, kule Kibaoni. Ilikuwa msimu wa kuvuna mpunga, baiskeli za watu na magunia zimejaa njiani, matope mpaka kwenye fundo la mguu. Banda lina televisheni mbili, moja City na Aston Villa, nyingine Liverpool na Wolves. Son hana televisheni, Son tunamfuata kwenye simu ya mwenye bando. Mbu ndiyo usiseme. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi, wamewachunguza mbu wetu miaka yote hiyo, na nadhani wa lile banda hawakuwahi kuhojiwa.

Saa 12 mpira ukaanza. Dakika ya 3 Wolves wakatufunga. Ya 24 Mané akarudisha. Ya 37 Matty Cash akawafunga City, banda likalipuka. Hesabu ikawa nyepesi kwa kila mtu: City wanafungwa, Liverpool tukipata bao moja tu ni mabingwa. Na mimi ni Liverpool tangu sijui hata kusoma jina la mchezaji mgongoni.

Basi kipindi cha pili Salah akainuka, akaanza kupasha misuli. Banda zima la Liverpool likasimama. Watu wanapiga mabati. Mimi nimekaa. Nilikuwa naomba moyoni, kweli kabisa, Klopp amrudishe kwenye kiti. Jirani yangu, mzee mmoja wa pale mtaani, akaniambia, "Kijana, si wenu huyo? Simama!" Nikamwambia nina mguu unauma. Dakika ya 58 akaingia, na kule nyuma nikasikia mtu anacheka. Wa Juu.

Dakika ya 69 Coutinho, yule yule aliyekuwa wetu, akafunga la pili kwa Villa ya Gerrard. Watu wakakumbatiana. Dakika ya 70 simu ikasema Son. Ya 75 simu ikasema Son tena. Kiungo akifunga ni pointi tano, mawili ni kumi, kwa kapteni ishirini, na Wa Juu ndiye aliyekuwa na kapteni huyo. Halafu umeme ukakatika.

Giza totoro. Kidatu megawati 204, Kihansi megawati 180, vyote viko jirani zetu hapa, na sisi tunatafuta kamba ya jenereta kwa tochi. Mwenye bando ndiye akawa mtangazaji. "Gündogan, moja mbili." Kimya. "Rodri, mbili mbili." Watu wakamtukana, wakadhani ni utani wa shabiki wa City. "Gündogan. Tatu mbili." Dakika ya 76, ya 78, ya 81. Ubingwa umehama na hakuna aliyeona, tunasikia tu sauti ya mtu gizani.

Wa Juu akapiga kelele ambayo nadhani ilifika mto Kilombero. Kisha akanyamaza ghafla. Gündogan alikuwa wake, ila alimweka benchi, na wote kumi na mmoja wake walicheza. Mabao mawili yamelala pale hayana kazi. Sijawahi kuona mtu anafurahi na kuumia na uso mmoja namna ile.

Jenereta likawaka, king'amuzi kikajivuta, picha ikarudi. Dakika ya 84, kona, purukushani, Salah akausukuma ndani. Wachache walishangilia kidogo tu, City walishapindua, bao lile halina ubingwa tena. Mwanaume pekee aliyeruka mpaka akagonga boriti ni mimi. Pointi tano juu ya moja ni sita, mara mbili kumi na mbili. Yule mzee akaniangalia akasema, "Mguu umepona?"

Robertson akaongeza la tatu, tukashinda 3-1, City wakamaliza na 93 sisi 92. Salah na Son wakagawana kiatu, mabao 23 kila mmoja. Bonasi zilipothibitishwa usiku nikawa nimemzidi Wa Juu pointi tatu. Kesho yake tulikuwa na test ya biokemia, na hakuna aliyefungua daftari.

Chumbani alipanda kitandani kwake bila salamu. Baada ya muda sauti ikatoka juu: "Oya, umekuwa bingwa." Nikamjibu, "Na wewe pia." Nikasikia anageukia ukutani.

Jumatatu nikampelekea mama ntilie elfu 32 zake. Akahesabu mara mbili. "Dokta, umezipata wapi na boom halijatoka?" Nikamwambia amenilipia Salah. Akauliza huyo Salah yuko mwaka wa ngapi, maana kuna mwingine wa jina hilo anamdai tangu Februari. Zilizobaki tulinunua mchele na perege, tukala chumbani, Wa Juu akakaanga.