Nyota na Mlima: Insha juu ya Ukweli wa Wasifu

Wasifu hudai kwa msomaji imani ambayo riwaya haiidai. Msomaji wa riwaya amekubali tangu mwanzo kwamba anasimuliwa mambo ya kubuni; msomaji wa wasifu hujiona amekabidhiwa ushahidi. Imani hiyo huwa mashakani zaidi pale mhusika anapokuwa nyota wa filamu, mtu ambaye riziki yake ilikuwa kujifanya mtu mwingine. Hata jina lake huenda si lake: William Holden, aliyezaliwa mwaka 1918 katika jimbo la Illinois, Marekani, aliitwa William Franklin Beedle kabla ya Hollywood kumpa jina jingine.

Nimemchagua Holden kwa kuwa anatuhusu sisi wakazi wa miji inayouzunguka Mlima Kenya. Nyota huyu wa Sunset Boulevard (1950), aliyetunukiwa Oscar kwa filamu ya Stalag 17, ndiye aliyeshirikiana na Ray Ryan na Carl Hirschmann kuanzisha Mount Kenya Safari Club, nje ya mji wa Nanyuki, mwaka 1959. Wanafunzi wangu hapa Nyeri huniuliza: kati ya vitabu vinavyomhusu, kipi ni cha kweli? Upo wasifu wa Bob Thomas, mwandishi wa habari za Hollywood, uliotoka mwaka 1983, miaka miwili tu baada ya kifo chake. Upo wa Michelangelo Capua wa mwaka 2010. Aidha, mwaka huo huo Stefanie Powers, mwandani wake, alichapisha kumbukumbu zake mwenyewe.

Kwa maoni yangu, swali hilo halijaulizwa ipasavyo. Kinachopaswa kupimwa si kitabu kizima bali sentensi moja moja, kwani kila sentensi ina shahidi wake. Aliye karibu na mhusika huona mengi, lakini pia hulinda mengi. Aliye mbali hana cha kulinda, ila hutegemea macho ya wengine.

Tuanze na jambo linaloonekana jepesi, yaani tarehe. Holden alifariki akiwa peke yake katika makazi yake huko Santa Monica, na mwili wake ukagunduliwa tarehe 16 Novemba 1981, siku kadhaa baadaye. Tarehe 12 inayotajwa kuwa siku ya kifo ni makadirio ya wachunguzi. Mwandishi anayeiandika bila kusema hivyo hajadanganya, lakini ameyageuza makadirio kuwa shahada.

Neno “kuanzisha” nalo lataka uangalifu. Nyumba iliyogeuzwa kuwa klabu ilijengwa katika miaka ya 1930, ikawa makazi ya kitajiri kisha hoteli iliyoitwa Mawingo. Mwanafunzi wa lugha atatambua mara moja neno “mawingu” lililoandikwa kwa sikio la mgeni. Wasifu unaoanzia mwaka 1959 humfanya nyota aonekane amekuta pori tupu.

Gumu zaidi ni nia. Kwamba Holden aliipenda Kenya ni kauli ya moyoni, na moyo hauna hati. Tulicho nacho ni matendo: mwaka 1967 alishirikiana na Don Hunt kuanzisha shamba la wanyamapori, na mwaka 1982, baada ya kifo chake, Powers alianzisha wakfu wenye jina lake, unaohusika na elimu ya uhifadhi. Hayo yatosha kukisia mapenzi, mradi ukisiaji ukiri kuwa ni ukisiaji. Lakini katika The Lion (1962), filamu iliyopigwa Kenya, Holden aliigiza Mmarekani anayekuja kumtafuta binti yake kati ya wanyama. Ni rahisi mno kwa mwandishi kuchota hisia za mhusika huyo na kuzimimina katika maisha ya mwigizaji.

Zaidi ya yote, upo ukimya. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 haikuondolewa hadi Januari 1960. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri mwaka 1956, akanyongwa Februari 1957. Basi klabu ilianzishwa wakati sheria za hali ya hatari zingalipo, miongoni mwa watu waliokuwa wamehamishiwa vijiji vya lazima. Wasifu unaweza kuwa na tarehe zote sahihi na bado ukatupotosha ikiwa mlima ndani yake ni mandhari tu, bila wenyeji.

Hata hivyo, haki haina upande. Katika miji yetu husimuliwa mengi juu ya nyota huyo, na baadhi ya wasimulizi hawakumwona ila kwenye sinema. Lisemwalo lipo, husema wahenga. Mhakiki wa wasifu hana ruhusa ya kuitegemea methali hiyo. Mpishi au mtunza bustani aliyefanya kazi pale apaswa kuulizwa swali lile lile analoulizwa mwandishi wa Hollywood: ulijuaje? Uliona, uliambiwa, au ulikisia?

Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad, alionyesha kwamba maisha ya msanii wa kwetu yanastahili kitabu. Kazi iliyobaki ni kuwahoji waliomhudumia msanii wa kigeni, na umri hauwangojei. Tusipowahoji sasa kwa mizani iliyo sawa, watakaoandika juu ya Holden baadaye watakuwa na shahidi wa upande mmoja tu, nasi hatutakuwa na hoja ya kuwakosoa.