Kava za Pikipiki na Hatua Zilizofichika za Somo

Kuna kazi ambazo uzito wake haumo katika kazi yenyewe, bali umo katika njia ya kuifikia. Mwalimu anayejiandaa kufundisha shule ya msingi hana budi kulielewa jambo hili mapema, kwani watoto wengi wanaosemwa kuwa ni wazito wa kuelewa hawakushindwa na somo. Walikwama njiani kabla ya kulifikia. Katika makala hii nakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano ambao huenda ukaonekana uko mbali na darasa, nao ni kuvua kava za plastiki za pikipiki ya mbio ili kuifanyia matengenezo ya kawaida nyumbani.

Tuanze na pikipiki tunayoifahamu sote. Pikipiki ya bodaboda iko wazi. Injini yake yaonekana, plagi yake yaonekana, na fundi aliyeketi chini ya mwembe huweza kuibadili plagi hiyo kabla abiria hajamaliza soda yake. Pikipiki ya mbio haiko hivyo. Imevikwa kava kutoka taa ya mbele hadi mkiani, nazo zimepandana kama magamba ya samaki, hata mwenyewe aweza kuiendesha mwaka mzima asiione injini yake.

Kava hizo hazikuwekwa kwa ajili ya urembo tu. Upinzani wa hewa huongezeka haraka kuliko mwendo. Pikipiki iendayo kilomita 200 kwa saa hukutana na upinzani mara 4 ya ule wa kilomita 100 kwa saa, na nguvu inayohitajika kuushinda huwa mara 8. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa pikipiki za mashindano walianza zamani kuzifunika. Kampuni ya Moto Guzzi ya Italia ilijenga handaki la kupimia upepo huko Mandello del Lario mwaka 1950. Baadaye shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilikataza, kuanzia msimu wa 1958, kava zilizofunika hata gurudumu la mbele, maana upepo wa ubavuni uliziyumbisha pikipiki hizo kwa hatari. Mwaka 1976 kampuni ya BMW ilitoa R100RS, pikipiki ya barabarani yenye kava kubwa iliyopimwa katika handaki la upepo. Mwaka 1985 ikaja GSX-R750 ya Suzuki. Na mwaka 1987 Honda ikatoa CBR600F, ambayo injini yake ilifunikwa karibu yote. Tangu hapo pikipiki nyingi za namna hii zimefuata mtindo huo huo. Kwa hiyo kava ina sababu yake ya haki. Taabu huanza siku inapobidi kuivua.

Mpwa wangu anayo pikipiki ya aina hiyo, ya silinda nne, iliyotumika ng'ambo kabla ya kumfikia. Aliniomba nimsaidie kubadili plagi, kichungi cha oili na maji ya rejeta. Plagi zenyewe, tulipozifikia, hazikutuchukua hata nusu saa. Kuzifikia kulitumaliza asubuhi nzima, na kurudisha kila kitu mahali pake kulitumaliza mchana. Ili kufikia kichungi cha oili ilibidi kuvua kava za chini. Kava za chini hazikutoka mpaka za ubavuni zilegezwe. Na za ubavuni zilishikwa na kipande kidogo kilichokuwa karibu na tangi. Plagi nazo zilikaa chini ya boksi la kichungi cha hewa, na boksi hilo lilikuwa chini ya tangi la petroli.

Kitabu cha mwongozo kilikuwapo. Katika ukurasa uliohusika, kazi yote ya kuvua kava ilielezwa kwa sentensi moja iliyomwambia msomaji aziondoe, kisha aendelee na hatua ya pili. Ndani ya sentensi hiyo moja mlikuwa na mambo mengi. Mlikuwa na skrubu za urefu tofauti, ambazo vichwa vyake vilifanana kabisa. Mlikuwa na pini za plastiki za aina mbili: moja hubonyezwa katikati ili iachie, na nyingine kitovu chake huinuliwa kwanza, ukizichanganya, waziharibu zote. Mlikuwa na nati zilizofichwa ndani ya mpira, ambazo shaba yake ikiachana na mpira huo, skrubu huzunguka siku kutwa bila kutoka. Mlikuwa na ndimi za plastiki zilizochomekwa katika matundu, zisizoonekana kwa nje hata kidogo. Na nyuma ya kava ya ubavuni mlikuwa na waya wa indiketa, ambao hukatika ukiivuta kava kwa pupa.

Je, mwandishi wa kitabu kile alikuwa mvivu au mwongo? La. Alikuwa mjuzi. Mtu aliyevua kava mia haoni tena kwamba kuvua kava ni hatua kumi na tano. Kwake imekwisha kuwa hatua moja. Ujuzi umezifunga hatua zile pamoja, na yeye mwenyewe hazioni. Basi, walimu wenzangu mnaojiandaa, hapo ndipo pikipiki inapoingia darasani. Sisi tunaofundisha ni waandishi wa vitabu vya namna hiyo. Jambo tunalolijua sana ndilo tulilo katika hatari kubwa ya kulifundisha vibaya.

Tazameni kugawanya kwa njia ndefu. Mwalimu huandika ubaoni 156 ÷ 12, kisha husema maneno manne yaliyozoeleka: gawanya, zidisha, toa, shusha. Maneno hayo ni mafupi na hukaririka vizuri. Lakini ndani ya neno "gawanya" mna nini? Kwanza, mtoto aamue kwamba 1 haitoshi kugawanywa kwa 12, hivyo achukue 15. Pili, akisie kuna 12 ngapi katika 15, na kwa kukisia huko lazima awe anayajua mafungu ya 12. Tatu, aandike 1 juu ya 5, si juu ya 1 ya kwanza. Ndipo azidishe, atoe, abakiwe na 3, ashushe 6, apate 36, na kuanza upya kukisia hadi apate 3 nyingine na jibu la 13. Mtoto anayeandika ile 1 mahali pasipo pake hakushindwa kugawanya. Ameshikwa na skrubu moja ambayo mwalimu hakumwonyesha, kwa kuwa mwalimu mwenyewe haioni tena.

Au tazameni usomaji katika madarasa ya mwanzo. Sisi tukiliona neno "ng'ombe" tunaona mnyama. Mtoto anaona herufi mbili, kisha alama ndogo inayoning'inia, kisha herufi nyingine nne. Jana alisoma "ngoma," nayo ilianza kwa herufi zile zile mbili. Kwamba ile alama ndogo inabadili sauti nzima ni jambo la kuonyeshwa kwa makusudi, kwa maneno yanayolinganishwa moja baada ya jingine. Mwalimu asiyelionyesha atasahihisha kosa hilo mwezi mzima akidhani mtoto hana bidii.

Nirudi kwa mpwa wangu. Saa nne ya asubuhi kava ya kushoto ilikuwa imelegea pande zote isipokuwa pembe moja ya mbele. Alikwisha kutokwa jasho, na mikono yake ilianza kukaza.

"Mjomba, hii imegoma. Niivute?"

"Usiivute," nikamwambia. "Tafuta kinachoishika."

Akapiga magoti, akamulika kwa tochi, na chini ya ukingo akaiona pini moja iliyofunikwa na vumbi. Ilipotoka, kava ikaachia kwa mkono mmoja. Mafundi wenye uzoefu hufuata kanuni hii: plastiki ikikataa kutoka, usiongeze nguvu, bali uamini kwamba kuna kitu bado kimeishika. Natamani kanuni hii iandikwe katika daftari la maandalio la kila mwalimu. Mtoto akikataa kuelewa, mwalimu huwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kuongeza nguvu, yaani kurudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, kukaripia, hata kushika fimbo. Njia ya pili ni kupiga magoti kando ya dawati na kumwambia, "Nionyeshe ulivyofanya," kisha kunyamaza na kutazama. Njia ya kwanza huvunja ndimi. Mtoto aliyevunjwa hivyo hapigi kelele. Hukaa kimya nyuma ya darasa, na kimya hicho mwalimu hukiita utulivu.

Tuligundua pia kwamba hatukuwa wa kwanza kuifungua pikipiki ile. Ulimi mmoja ulikwisha kuvunjika na kubandikwa kwa gundi, na skrubu moja ndefu ilikuwa imekazwa mahali pa fupi, ncha yake ikigusa bomba la maji. Aliyefanya hivyo hatumjui, na kumlaumu kusingetusaidia. Ilitupasa kutengeneza. Plastiki ya kava ile ilikuwa ya aina ya ABS, ambayo huyeyuka katika asetoni. Basi tukaviloweka vipande vidogo vya plastiki ya aina hiyo hiyo, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto, tukapata uji mzito, tukaujenga ulimi upya, tukauacha ukauke hadi siku ya pili. Kuvunjika kulichukua nukta moja. Kujenga kulichukua usiku mzima. Darasa la Tano mtakalokabidhiwa nalo litakuwa limepita katika mikono mingine. Mtakuta watoto walioambiwa kwamba hesabu si fungu lao. Msipoteze muhula mkiwalalamikia walimu waliotangulia. Pimeni palipovunjika, mjenge taratibu kwa kitu kile kile mtoto alicho nacho, yaani yale machache anayoyaweza.

Yako mambo mawili ya utaratibu ambayo kazi ile yaweza kumfundisha mwalimu. La kwanza ni ramani. Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza tulichukua kipande cha boksi, tukachora umbo la pikipiki, na kila skrubu iliyotoka tukaichomeka katika boksi mahali ilipotoka. Wakati wa kurudisha hatukuhitaji kukumbuka chochote. Boksi lilikumbuka kwa niaba yetu. Mwalimu naye aandike somo lake hivyo: si kichwa cha somo na jibu la mwisho tu, bali kila hatua ndogo mahali pake, hata ile inayoonekana ni ya kipuuzi. Zana hiyo haina gharama.

La pili ni kutokaza mapema. Katika kurudisha kava, skrubu zote huingizwa kwanza kwa vidole, mizunguko miwili mitatu, ndipo zikazwe moja baada ya nyingine, tena kwa kiasi. Ukiikaza ya kwanza kabisa, tundu la mwisho halitakutana na mwenzake, nawe utalazimisha na kupasua. Vivyo hivyo, mwalimu asidai ukamilifu wa hatua ya kwanza kabla mtoto hajaiona njia yote. Amwachie aipitie kazi nzima kwa ulegevu mara moja, apate umbo lake, kisha arudi kukaza.

Hata hivyo, mfano huu una mpaka wake. Skrubu hukaa pale ilipowekwa. Kinachomkwamisha mtoto leo huenda si kile kilichomkwamisha jana, maana huenda leo amekuja na njaa. Tena, pikipiki ile haikukusudiwa kuendeshwa ikiwa uchi. Kazi ilipokwisha tulizirudisha kava zote, na ikawa nzuri kama kwanza. Kadhalika mtoto aliyekwisha kuelewa kugawanya asilazimishwe kutaja kila hatua maisha yake yote. Kwake pia hatua zitafungamana ziwe moja, na hiyo ndiyo dalili ya kujua. Wajibu wa mwalimu ni kuweza kuzifungua tena kila anapokuja mtoto mwingine.

Napendekeza zoezi moja kabla ya kwenda katika mafunzo ya vitendo. Kila mwalimu mwanafunzi achague kazi anayoijua sana, kama kufunga kamba za viatu, kuwasha jiko la mkaa au kugawanya 156 kwa 12. Aiandike hatua kwa hatua. Kisha ampe mwenzake karatasi hiyo, na mwenzake afanye yale tu yaliyoandikwa, bila kuongeza akili yake. Mwandishi akae kando, asiseme neno, asinyooshe kidole. Kila mahali mwenzake atakapokwama, aweke alama. Alama hizo azihesabu, kisha akae usiku huo aiandike kazi hiyo upya.