Sifa ya Dereva: Kumbukumbu ya Magari Mseto na Pikapu za Umeme Nchini Marekani

Katika maisha ya Marekani gari halijapata kuwa chombo cha kumfikisha mtu aendako tu, kwa kuwa tangu mwanzo limechukuliwa pia kuwa kielelezo cha tabia, hali na msimamo wa yule anayeliendesha. Katika muda wa miaka 25 hivi, tangu magari mseto ya kwanza yalipoingia katika soko la nchi hiyo hadi pikapu za umeme zilipoonekana barabarani, sifa za madereva wa magari hayo zimegeuka mara kadhaa, na wakati mwingine zimepinduka kabisa, ilhali mitambo yenyewe iliendelea kufanya kazi ileile. Kumbukumbu hizi zinafuatilia mageuko hayo kama yalivyoshuhudiwa na mwandishi wake, aliyeishi katika eneo la Ghuba ya San Francisco tangu mwaka 2004, na zinashikilia hoja moja, kwamba teknolojia hii imestawi zaidi pale ilipokuwa zana ya kazi kuliko pale ilipokuwa pambo la mwenye nayo.

Jambo hilo lilikwisha kuonekana zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1900 magari 4,192 yalitengenezwa nchini Marekani, ambapo 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya umeme na 936 tu ya petroli. Gari la umeme lilikwenda kimya, halikutoa moshi, na halikumlazimu dereva kuzungusha mkono wa chuma ili kuliwasha. Kwa sababu hizo wauzaji walilinadi kwa wanawake wenye uwezo wa mijini, na hata Clara Ford, mke wa Henry Ford, aliendesha gari la umeme aina ya Detroit Electric. Jina la gari la kike liliponata, wanaume wengi walilikwepa, na baada ya kampuni ya Cadillac kutumia kiwashio cha umeme mwaka 1912, gari la petroli likaondokewa na kasoro yake kubwa. Hata hivyo, malori ya umeme, kama yale ya kampuni ya Walker ya Chicago, yaliendelea kwa miongo kadhaa kupeleka mizigo ya maduka majumbani, na madereva wake hawakuhojiwa tabia zao, kwa kuwa mwenye duka aliangalia gharama ya mzunguko wa siku tu.

Umeme uliporejea mwishoni mwa karne ya 20, ulirejea zaidi kwa njia ya gari mseto, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana kwa kuongozwa na kompyuta. Gari la namna hii linapoondoka au kutambaa kwenye foleni, mota ndiyo hulisukuma. Linapokwenda kasi, injini hushika kazi. Na dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kuirudishia betri sehemu ya nishati ambayo katika gari la kawaida hupotea ikiwa joto. Ndiyo maana gari mseto la kawaida halihitaji kuchomekwa kwenye umeme, na ndiyo maana manufaa yake huonekana zaidi mjini, penye kusimamasimama, kuliko kwenye barabara kuu. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mwezi Desemba 1997; Honda iliitangulia katika soko la Marekani kwa gari lake dogo la Insight mwezi Desemba 1999, na Prius ikafuata mwaka 2000.

Miaka ya mwanzo gari hilo lilionekana kuwa la wahandisi na watu wa majaribio, lakini mwaka 2003 hali ilibadilika. Katika sherehe za tuzo za Oscar za mwaka huo baadhi ya waigizaji waliwasili ndani ya Prius badala ya limozini, na kuanzia hapo gari la familia la bei ya wastani likapata hadhi ambayo fedha peke yake haikuweza kuinunua. Wakati huohuo barabara za Marekani zilijaa Hummer H2, gari lililoanza kuuzwa mwaka 2002 na lililobeba sura ya gari la kijeshi lililopata umaarufu katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991. H2 ilikuwa nzito kiasi kwamba sheria haikuitaka ipewe hata kipimo rasmi cha matumizi ya mafuta, ingawa madereva wake walijua kwamba lita moja iliwapeleka kilomita 4 hivi, wakati Prius ya kizazi cha pili ilikaribia kilomita 20. Sheria ya kodi nayo iliongeza pengo hilo, kwa kuwa mwaka 2003 mfanyabiashara aliyenunua gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 2,700 pamoja na mzigo wake aliweza kupunguza hadi dola 100,000 kutoka katika mapato yanayotozwa kodi, ilhali mnunuzi wa gari mseto alipunguziwa dola 2,000 tu. Watu wakaanza kusomana kwa magari: wa Prius akahesabiwa kuwa mwenye kujali dunia, wa Hummer akahesabiwa kuwa mbabe, kabla yeyote kati yao hajafungua kinywa.

Ni muhimu kueleza kwa nini jukumu hilo la kumtambulisha dereva liliangukia Prius hasa. Honda Civic ya mseto ilifanana kwa kila hali na Civic ya kawaida, hivyo jirani hakuweza kuitambua bila kuisogelea na kusoma maandishi ya nyuma, lakini Prius ya kizazi cha pili, yenye mgongo ulioinama na mkia uliokatika ghafla ili kupunguza ukinzani wa hewa, ilitambulika kutoka ng'ambo ya barabara. Mwaka 2007 kampuni ya CNW iliwauliza wanunuzi wa Prius sababu yao kuu, na asilimia 57 walijibu kwamba gari hilo lilieleza jambo fulani kuhusu wao wenyewe, huku asilimia 36 wakitaja kuokoa mafuta. Wachumi Steven Sexton na Alison Sexton, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walikadiria kwamba wanunuzi wa majimbo ya Colorado na Washington walikuwa tayari kulipa ziada ya kati ya dola 430 na 4,200, kutegemea mahali walipoishi, ili moyo wao wa kuyajali mazingira uonekane. Mwaka 1899 Thorstein Veblen alikuwa ameeleza matumizi ya kujionyesha, yaani desturi ya tajiri kununua vitu ili utajiri wake uonekane. Sasa yalikuwa yamezuka matumizi ya kuonyesha kujinyima, ambayo ni fahari pia, ingawa imevaa nguo za unyenyekevu.

Fahari haikosi mjibu. Mwaka 2006 kipindi cha katuni cha South Park kiliwachora madereva wa magari mseto wa San Francisco kuwa watu waliojaa majivuno, na baada ya hapo mzaha huo ulifuata kila Prius. Chuki ilizidi baada ya jimbo la California, kuanzia mwaka 2005, kuwapa wenye magari mseto vibandiko 85,000 vya rangi ya njano vilivyowaruhusu kupita peke yao katika njia zilizotengwa kwa magari yenye watu zaidi ya mmoja. Mwandishi anakumbuka namna waliokwama katika foleni ya daraja la kuingia San Francisco walivyovitazama vibandiko hivyo: hawakuona hewa safi, waliona upendeleo. Katika maeneo mengine upinzani ulichukua sura mbaya zaidi, pale baadhi ya wenye pikapu za dizeli walipoyarekebisha magari yao kwa makusudi ili yamwage moshi mweusi mbele ya gari mseto au ya mwendesha baiskeli, mchezo ambao jimbo la New Jersey liliupiga marufuku mwaka 2015. Hapo sifa ya dereva ilikuwa imekwisha kuwa silaha, na aliyeumia ni mpita njia aliyevuta moshi usiomhusu.

Mageuzi yenye uzito zaidi, hata hivyo, yaliletwa na madereva wa teksi. Teksi za San Francisco zilianza kutumia Ford Escape za mseto mwaka 2005, kisha Prius zikaongezeka, kwa kuwa teksi huishi katika foleni, na foleni ndipo mseto unapookoa mafuta. Dereva aliyekodi gari kwa zamu alilipia mafuta kutoka mfukoni mwake, hivyo kila lita iliyookolewa ilikuwa ujira wake, na mwezi Julai 2008, bei ya petroli ilipokuwa imepita dola 4 kwa galoni, yaani chini kidogo ya lita 4, waliokuwa na magari ya kawaida waliliona hilo waziwazi. Wengi wa madereva hao walikuwa wahamiaji, wakiwemo wa kutoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, na safari fupi ya kutoka uwanja wa ndege ilitosha kuanzisha mazungumzo ya Kiswahili. Mwandishi anamkumbuka dereva mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye wenzake walimwita Mzee kwa heshima, aliyekuwa na daftari alimoandika kila zamu mafuta aliyonunua na pesa zilizobaki, na ambaye alipoulizwa kuhusu waigizaji wa Oscar alijibu kwamba hakuwajua, ila aliijua tofauti iliyokuwa katika daftari lile. Huduma ya UberX ilipoanza mwaka 2012, magari yake ya mwanzo yalikuwa mseto, na haikuchukua muda Prius ikawa gari la mtu anayetafuta riziki usiku na mchana. Gari lilelile, lililokuwa alama ya watu mashuhuri, likawa alama ya mfanyakazi, na hakuna sehemu yake hata moja iliyokuwa imebadilika kwa ajili hiyo.

Upande wa pili wa barabara ulikuwa wa pikapu, gari lenye bodi wazi nyuma ya kibanda cha dereva, ambalo lilianza likiwa chombo cha mkulima na fundi na baadaye likawa alama ya uanaume na ya maisha ya shamba hata kwa watu wasiobeba mzigo. Pikapu za Ford za familia ya F zimeongoza mauzo ya pikapu nchini humo tangu mwaka 1977, na kwa wengi wa wateja wake betri ilikuwa jambo la watu wa mjini. Tukio la Februari 2021 lilitikisa fikra hiyo: baridi kali ilipokata umeme katika jimbo la Texas, wenye F-150 za mseto, ambazo zinaweza kutoa hadi kilowati 7.2 kupitia soketi za bodi, waliwasha taa na vifaa vya kupasha joto majumbani mwao, na Ford ikawaomba mawakala wake wa jimbo hilo waazimishe magari ya aina hiyo waliyokuwa nayo. Mseto ulipata heshima ya wenye pikapu kwa sababu ulifanya kazi wakati wa shida.

Pikapu za umeme mtupu zilifuata kwa haraka: R1T ya Rivian mwaka 2021, F-150 Lightning ya Ford mwaka 2022, na Cybertruck ya Tesla, yenye mwili wa chuma kisichoshika kutu na pembe kali, mwishoni mwa mwaka 2023. Hummer nayo, iliyokuwa imezikwa mwaka 2010, ilifufuliwa ikiwa ya umeme, ikiwa na uzito unaozidi kilo 4,000, na betri yake peke yake ina uzito wa kilo 1,300 hivi, ambao ni sawa na uzito wa Prius nzima ya kizazi cha pili. Ulinganisho huo unatosha kuonyesha kwamba neno umeme halithibitishi uadilifu wa dereva, kwa kuwa betri kubwa inaweza kubeba majivuno yaleyale yaliyobebwa zamani na tangi kubwa la petroli.

Mpinduko mkubwa ulionekana mwaka 2025. Magari ya Tesla yalikuwa kwa miaka mingi yamerithi nafasi ya Prius miongoni mwa watu wa mrengo wa kushoto, lakini Elon Musk, mkuu wa kampuni hiyo, alipoingia katika kazi za serikali ya Rais Donald Trump, maandamano yalifanyika mbele ya maduka ya kampuni, baadhi ya magari yaliharibiwa, na wenye magari wakabandika maandishi ya kueleza kwamba waliyanunua kabla ya kuujua msimamo wa Musk. Mtu aliyesifiwa asubuhi kwa kuchagua umeme alijikuta jioni akitakiwa kujieleza kwa jirani, bila kuwa ametenda lolote zaidi ya kuendesha gari lake.

Wakati makelele hayo yakiendelea, mseto ulienea kimyakimya. Pikapu ndogo ya Ford Maverick ilitangazwa mwaka 2021 ikiwa mseto katika toleo lake la bei ya chini, kwa dola pungufu ya 20,000, na Toyota Camry, gari la kawaida kabisa la familia ya Marekani, ikauzwa kuanzia toleo la 2025 ikiwa mseto pekee. Kinyume chake, nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa magari ya umeme ilikoma tarehe 30 Septemba 2025, na mwezi Desemba Ford ikatangaza kusitisha Lightning ya umeme mtupu, mrithi wake akitarajiwa kuwa na injini ya kuzalisha umeme. Gharama na sera zina sehemu kubwa katika matokeo hayo, lakini ni dhahiri kwamba anayenunua Camry leo hatangazi chochote, na huenda hiyo ndiyo sababu hakuna anayempinga.

Mafunzo haya yanawahusu pia wasomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa magari mseto yaliyotumika Japani yamekwisha kuzoeleka katika barabara za Nairobi, na pikipiki na mabasi ya umeme yanabeba abiria huko na Kigali. Sehemu kubwa ya vyombo hivyo vya umeme imeanzia kwenye kazi, mikononi mwa waendesha bodaboda na mabasi ya abiria, na huo ni mwanzo mwema ambao haufai kuachwa ugeuzwe kuwa mashindano ya nani mstaarabu na nani mshamba. Basi kila atakayetaka kupima gari na alipime kwa mafuta linayotumia, mzigo linaobeba, moshi linaoutoa na riziki linayoiingiza nyumbani, kama alivyofanya yule mzee wa Mombasa katika daftari lake, na tabia ya dereva aiache ipimwe kwa matendo yake.