Wosia kwa Mwanangu Aliyekimbiwa na Usingizi



Nakuandikia nikiwa bado na nguvu za kushika kalamu, kwa kuwa nimefika umri ambao mzazi haahirishi tena neno alilonalo kwa mwanawe, na neno langu leo ni juu ya usingizi wako. Umenieleza kwamba unalala saa nne na ikifika saa nane ya usiku umeshakodoa macho, kwamba miguu inakutambaa kwa ndani hata huwezi kuituliza, kwamba asubuhi unatoka kitandani umechoka kuliko ulivyopanda, na kwamba kila ulapo chapati tumbo hukujaa gesi mpaka jioni. Umenieleza pia kuwa umekata shauri kuanzia wiki ijayo usiguse ngano. Nakuomba, mwanangu, usiiache bado, na univumilie mpaka mwisho wa barua hii.

Sikukatazi kwa sababu shaka yako ni ya kipuuzi. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni, hiyo hiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike mkononi bila kukatika. Watu wengi huila tangu utoto hadi uzee isiwadhuru kitu, lakini wapo, wakadiriwao kuwa kama mtu 1 katika kila 100, ambao kinga ya mwili wao ikikutana na gluteni huugeukia utumbo wao wenyewe na kuushambulia. Ugonjwa huo unaitwa seliaki. Utumbo mwembamba umetandikwa vijinyweleo visivyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kukinyonya chakula. Vikishambuliwa mwaka hata mwaka husinyaa, na mtu akala akashiba huku mwili wake una njaa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hiki kimekaa ndani zaidi ya nguo.

Sasa usikilize vizuri jinsi chakula cha mchana kinavyofika kwenye mto wa usiku. Madini ya chuma hunyonywa zaidi pale utumbo mwembamba unapoanza, na hapo ndipo seliaki hupenda kuharibu. Chuma kikipungua, damu hupungua, na hata kabla damu haijapungua, ubongo nao hukosa chuma unachokihitaji ili uitumie vizuri dopamini, kemikali inayotawala mwendo wa viungo. Matokeo yake yanaweza kuwa hayo uliyonisimulia: miguu inatambaa na kuwasha kwa ndani mara tu mtu anapolala, na haitulii mpaka ainuke atembee. Ongeza juu yake tumbo linalosokota usiku, na wasiwasi na huzuni ambavyo huwaandama wengi wenye ugonjwa huu, utaona kwa nini watafiti wa Italia, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, walikuta wagonjwa wa seliaki wanalala vibaya kuliko watu wazima wa afya, na wenzao wa Sweden nao wakakuta shida ya usingizi imewazidi wagonjwa hao kabla ya ugonjwa kugunduliwa na hata baada yake.

Na kugunduliwa kwa chanzo cha ugonjwa wenyewe kulihitaji mtu mwenye subira. Kule Uholanzi alikuwako daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, aliyekuwa akishuku mkate tangu miaka ya 1930, wakati ambapo watoto wenye seliaki walidhoofu na wengine kufa pasipo mtu kujua kinachowamaliza. Ulipofika msimu wa baridi wa njaa ya wakati wa vita, 1944 kuingia 1945, mkate ukaadimika, na watoto wale wagonjwa, katikati ya dhiki ya watu wote, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, na ugonjwa ukawarudia. Mtu mwenye pupa angepiga kelele siku ile ile. Yeye alirudi kwenye kazi yake, akapima, akabadilisha vyakula vya wagonjwa wake na kuandika kila alichokiona, na mwaka 1950 ndipo alipotoa tasnifu yake iliyoonyesha kwamba ngano na rai ndizo zenye madhara. Ninampenda mtu huyu, mwanangu, na ningependa umfuate katika jambo lako dogo kama yeye alivyofanya katika jambo lake kubwa.

Kwa maana kipimo cha kwanza cha seliaki ni cha damu, na hutafuta askari wa mwili walioinuka kwa sababu ya gluteni. Ukiacha ngano miezi kadhaa, askari hao hurudi kambini, na utumbo nao huanza kupona, kipimo kikatoka safi ilhali ugonjwa upo. Ndiyo maana anayetaka kupimwa huambiwa aendelee kula ngano kila siku, na aliyekwisha kuiacha mara nyingi hurudishwa kuila kwa wiki 6 au zaidi, akiteseka upya kwa ajili ya haraka yake. Kwa hiyo nenda hospitali ukiwa unakula kama kawaida, uwaeleze tumbo, miguu na usingizi pamoja, maana ukitaja usingizi peke yake utapewa vidonge vya kulalia na safari itaishia hapo. Damu ikionyesha dalili, watapitisha kamera ndogo kinywani na kuchukua vipande vidogo vya utumbo wavitazame. Omba wapime na akiba ya chuma mwilini, si wingi wa damu tu.

Wala usishikwe na ghadhabu wakikuambia si seliaki. Kwetu chuma huibwa na wengi: minyoo ya safura, malaria ya mara kwa mara, damu ya mwezi inayozidi kiasi, na hata ile chai ya rangi unayoipenda, kwa kuwa ikinywewa pamoja na chakula humzuia mtu kukinyonya chuma, na ikinywewa usiku humfukuzia usingizi. Wapo pia watu wasio na seliaki ambao ngano huwasumbua kweli, na daktari hufikia jibu hilo baada ya kuondoa mengine yote. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, lakini na mwenye kujibandikia maradhi asiyo nayo huacha lililo kweli liendelee kumla.

Ikiwa ndiyo, basi utaiacha ngano maisha yako yote, na hapo ndipo ninapokuhofia. Pwani yetu imekubariki: wali wa nazi, ugali, muhogo, ndizi, viazi vikuu, mkate wa kumimina wa mchele, vyote hivyo ni halali yako. Lakini mahamri, sambusa, tambi, bokoboko na shurba ya ngano vitakuita kila futari na kila harusi, na visivyoonekana ni vibaya zaidi: muhogo uliokaangwa katika mafuta ya maandazi, mchuzi uliozidishwa uzito kwa unga mweupe, unga wa mtama uliosagwa kinuni mara tu baada ya ngano. Utateleza, mwanangu, nalijua hilo, utakula kwa haya ya kumkatalia mwenyeji, na tumbo litakuambia. Siku hiyo usijilaani, wala usiseme kwa kuwa nimeharibu leo basi na kesho niharibu. Osha mikono uanze tena. Na ujizoeze kumwambia mwenyeji mapema, kwa upole, kwamba ni maradhi na si maringo. Anayekupenda atakutengea sahani.

Usingizi utachelewa kurudi. Utumbo hupona kwa miezi, wengine kwa miaka, na akiba ya chuma hujazwa polepole, tena kwa dawa iliyopimwa na daktari, kwa sababu chuma kikizidi nacho ni sumu. Wapo wanaoshika masharti yote na bado wakalala kwa shida. Ukiwa mmoja wao, rudi tena kwa daktari, wala usiridhike na kuambiwa umezoea kukesha.

Limebaki la urithi. Seliaki hutembea katika damu ya ukoo, na mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa huwa na nafasi ipatayo 1 katika 10 ya kuwa nayo, hata asipoumwa tumbo kamwe. Kwa hiyo majibu yako si yako peke yako. Yakitoka, wapigie kaka zako siku hiyo hiyo, na mdogo wako aliyezaliwa dhaifu asiyenenepa mpelekeni kwanza. Nami pia nipelekeni, hata kama nitawaambia nimezeeka mno, mnifungue mkono wapime.